Haki Isiyo na Rufaa ni Hisani

Kati ya tarehe 12 Disemba 1963 na tarehe 12 Januari 1964 kuna mwezi mmoja. Siku ya kwanza Kenya ilipata uhuru. Siku ya pili Mapinduzi yalizuka Zanzibar, na baada yake watu wakaanza kuvuka bahari kuja huku kwetu Kwale, wakishukia Vanga, Jimbo na Shimoni. Sasa fungua Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011, kifungu cha 15. Mtu asiye na uraia wa nchi yoyote anaweza kuomba uraia wa Kenya, mradi awe ameishi hapa mfululizo tangu tarehe 12 Disemba 1963. Mpemba aliyekuja kupiga dago la uvuvi mwaka 1962 akabaki, yumo. Mwenzake aliyekuja Januari 1964 akiikimbiza roho yake, hayumo. Kachelewa kwa mwezi.

Teremka kusini zaidi. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilianza Septemba 1964. Mmakonde aliyeletwa miaka ya 1930 kufanya kazi kwenye miwa ya Ramisi na mashamba ya mkonge, yumo. Ndugu yake aliyekuja baadaye akikimbia vita vya Wareno, au vile vya wenyewe kwa wenyewe vilivyofuata, hayumo. Ukizisoma tarehe hizi pamoja unaona jambo ambalo sheria yenyewe haikulitamka. Imemkumbuka aliyekuja kutumika, ikamsahau aliyekuja kuomba hifadhi. Na hata kwa wale waliomo, mlango uliwekewa muda: miaka 5, ikaongezwa 3, na Agosti 2019 ukafungwa.

Silalamikii tarehe kwa kuwa ni tarehe. Kila sheria ina mstari wake na kila mstari humwacha mtu nje. Ninachouliza ni hiki: huyo aliyeachwa nje, akiwa na hoja, anakwenda wapi? Anaiweka mezani kwa nani? Nani anamjibu kwa maandishi, na nani anaweza kumwambia ofisa wa kwanza kwamba alikosea? Kwa sababu pasipo na mahali pa kukata rufaa, pakasikilizwa na mtu mwingine kabisa, kile tunachokiita haki kinageuka hisani. Na hisani ina mwenyewe. Humpa anayemtaka, siku anayotaka, na huchukua pia.

Kwale inaijua hisani hiyo kuliko kaunti nyingi.

Wamakonde wa Msambweni, wa kule Makongeni na vijiji vya jirani, walikaa miaka zaidi ya 70 hawana karatasi ya Kenya. Walilima, walichonga vinyago vinavyouzwa kwa watalii Diani, waliozana na Wadigo, walizika wafu wao hapa hapa. Kiwanda cha Ramisi kilipokufa miaka ya 1980 hawakuwa na pa kurudi, maana watoto walikuwa wamezaliwa hapa na wajukuu hawakujua Msumbiji iko upande gani wa upepo. Lakini bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, huwezi kufungua akaunti benki, na ukitoka Msambweni kwenda Mombasa unaomba Mungu polisi wasisimamishe matatu.

Waliipataje haki yao? Sio kwa fomu. Fomu walizijaza wakachoka. Oktoba 2016 mamia yao, wazee na akina mama, walifunga safari ya kwenda Nairobi kwa miguu, na tarehe 13 mwezi huo Rais Uhuru Kenyatta akakutana nao Ikulu. Akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya Disemba kwisha. Mwaka uliofuata walikuwa wanaitwa kabila la 43 la Kenya. Nawapa heko waliotembea, na aliyewafungulia mlango simnyimi sifa yake. Lakini hebu tukae na jambo hili kidogo. Bibi kizee wa Makongeni anatakiwa atembee kuelekea Ikulu ili apate kile ambacho mimi nilikipata kwa cheti cha kuzaliwa na nakala za vitambulisho vya wazazi? Na asiyeweza kutembea je? Na jamii ambayo ni ndogo mno, haina wa kuipigia kelele Nairobi?

Wapemba walisubiri zaidi. Walikuwepo Shimoni, Wasini, Gazi na kule Kilifi, yapata watu 7,000 kwa makadirio ya UNHCR, wengi wao wavuvi hodari kuliko sisi tunaojisifu kwa pwani yetu. Mvuvi wa Kipemba alikuwa anakwenda baharini kwa leseni ya mtu, anauza samaki kwa jina la mtu, na hela zake za M-Pesa ziko kwenye laini ya mtu. Huyo mtu akikasirika, hela zimekwenda. Julai 2023, Rais William Ruto akiwa Kilifi, wakatangazwa kuwa kabila la Kenya. Washona nao, waliokuja kutoka Zimbabwe ya leo miaka ya 1960, walipata tangazo lao sherehe za Jamhuri za 2020. Rais mmoja, tangazo moja. Rais mwingine, tangazo jingine. Februari 2025 huko Wajir, tangazo jingine tena, la kufuta msasa wa ziada waliokuwa wakipigwa watu wa kaskazini wanapoomba kitambulisho. Yote ni mazuri. Lakini jambo lililokuja kwa kalamu ya mtu mmoja linaweza kuondoka kwa kalamu ya mtu mmoja. Tena kitambulisho kinachotolewa kama zawadi hudai shukrani, nasi sote tunajua shukrani hizo hudaiwa wapi: kwenye sanduku la kura.

Nimeutaja msasa. Neno hili tumelizoea hata hatulisikii tena. Ati kijana anakwenda kupigwa msasa. Waulize Wamakonde, wao ndio mafundi wa mbao, watakwambia msasa hupigwa lini: kinyago kikishakamilika, ili king'ae. Huu wa serikali huanza kwa kumwona mtu ni gogo. Tulikuwa tumekaa dawati moja, tumefanya mtihani mmoja, tumefikisha miaka 18 mwaka mmoja. Mimi nilirudi baada ya wiki kadhaa kuchukua kipande changu. Wenzangu wawili, kwa majina yao tu na kijiji walikotoka, waliambiwa wakae mbele ya wazee wataje babu wa babu. Walipokataliwa hawakupewa barua. Hawakuambiwa kosa ni jina, ni lafudhi, au ni karatasi gani iliyopungua. Waliambiwa, “Njoo baadaye.” Njoo baadaye haikatiwi rufaa. Utaandika nini kwenye hati ya malalamiko? Kwamba hukukataliwa, ila hukukubaliwa?

Na hapo ndipo Katiba ya 2010 inavunjwa kila siku bila kelele. Ibara ya 47 inasema kila mtu ana haki ya kutendewa na ofisi za serikali kwa haraka, kwa kufuata sheria na kwa utaratibu wa haki, na anayeathiriwa na uamuzi apewe sababu kwa maandishi. Imesema kila mtu. Haikusema kila mwenye kitambulisho.

Sasa tuje kwa wakimbizi wenyewe. Kuna wanaodhani habari hizi ni za Dadaab na Kakuma, mbali na minazi yetu. Wamesahau Shimoni ya 2001. Januari mwaka huo, tarehe 26 na 27, polisi wa Tanzania waliwapiga risasi waandamanaji wa CUF Unguja na Pemba. Tume ya serikali iliyoongozwa na Brigedia Jenerali Hashim Mbita ilihesabu watu 31 waliokufa. Zaidi ya watu 2,000 walipanda mashua wakavuka usiku, wakashukia Shimoni. Watu wa Shimoni waliwapokea. Wengine walikuwa na shangazi, wajomba na wakwe huku, kwa hiyo neno mgeni lilikuwa gumu kulitumia. Kisha wakapakiwa wakapelekwa Dadaab. Watu wa bahari, ambao mkate wao uko ndani ya maji ya chumvi, wakapelekwa jangwani Garissa, kando ya mpaka wa Somalia.

Wengi walirudi makwao mwaka huo huo. Lakini wako wachache ambao njia yao ilipinda hata wakafika Mogadishu. Ndiyo, Mogadishu ya miaka ile. Mtu amekimbia risasi za Pemba, kapewa hifadhi Kenya, na safari ikaishia kwenye mji uliokuwa ukiungua. Kikundi cha hao kilirudishwa Zanzibar mwaka 2012, baada ya miaka 11. Mimi nikiisoma habari hii siulizi nani mbaya. Nauliza: pale walipopangiwa waende Dadaab, nani aliwauliza? Kama mmoja wao angesema, “Mimi nina shangazi Gazi, niacheni nikavue,” angelipeleka ombi hilo wapi? Kenya haikuwa hata na sheria ya wakimbizi. Ya kwanza ilipitishwa 2006. Kazi ya kuamua nani mkimbizi ilikuwa ya UNHCR, mpaka serikali ilipoanza kuichukua hatua kwa hatua kuanzia 2014. Ukikataliwa na UNHCR, rufaa yako ilisomwa na ofisa mwingine wa UNHCR hiyo hiyo. Wazee walishasema: kesi ya nyani humpelekei ngedere. Hapa Diani tunawajua ngedere. Hawana ubaya wa moyo, ila siku ya kuamua mkate ni wa nani, hawawezi kuamua dhidi ya ndugu yao.

Leo tuna Sheria ya Wakimbizi ya 2021. Kwenye karatasi imepiga hatua. Aliyekataliwa hadhi ya ukimbizi ana siku 30 za kwenda kwenye kamati ya rufaa, na akishindwa hapo, Mahakama Kuu. Vizuri. Lakini weka siku hizo 30 mikononi mwa Mkongo anayenyoa vichwa Ukunda, au Mrundi anayefanya kibarua cha ujenzi nyuma ya hoteli za Diani. Barua imemfikia kwa Kiingereza. Wakili hana. Nauli ya kufuata ofisi ni kazi ya siku kadhaa. Akiacha kibarua siku tatu, nafasi yake ina mtu. Siku 30 za mwenye wakili na siku 30 za huyu si siku zile zile, hata kama kalenda ni moja.

Na linganisha na hili. Tangu Januari 2024, mtalii anayekuja kuota jua Diani haombi viza. Anajaza fomu kwenye simu akiwa kitandani kwake Ulaya, analipa dola 30, na baada ya siku chache anajibiwa. Simwonei wivu, vijana wetu wengi wanaishi kwa mtalii huyo. Nasema tu kwamba tumejua ya kuwa inawezekana. Serikali inayoweza kumjibu mgeni wa wiki mbili ndani ya siku tatu, haiwezi kutwambia haina uwezo wa kumjibu mtu aliyezaliwa Shimoni ndani ya miaka 30. Uwezo upo. Kinachokosekana ni kuona haya.

Penye hakimu asiyekula mshahara wa wizara, mambo hubadilika, na mifano tunayo. Serikali ilipoamuru wakimbizi wote wa mijini warundikwe kambini, Julai 2013 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliibatilisha amri hiyo. Ilipotaka kuifunga Dadaab, Februari 2017 Jaji John Mativo alisema hapana. Watoto wa Wanubi waliozaliwa Kibra walipokosa haki nyumbani, kesi yao ilipelekwa hadi kamati ya Afrika ya haki za watoto, na mwaka 2011 ikaamuliwa kwamba Kenya imewakosea. Hata Uingereza, ilipopanga kuwapakia ndege waomba hifadhi na kuwatupa Rwanda, ni Mahakama ya Juu ya huko iliyosema Novemba 2023 kwamba mpango ule haukuwa halali, kwa kuwa watu hao wangeweza kurudishwa kwenye hatari waliyoikimbia. Na sasa serikali ya huko huko imetangaza inataka kuzitoa rufaa za waomba hifadhi mikononi mwa majaji na kuziundia chombo kipya, eti kesi ziende haraka. Tuangalie vizuri wanachokimbilia kukipunguza. Hakuna anayehangaika kupunguza kitu kisichofanya kazi.

Najua majibu yanayokuja, na mawili ni mazito, siyapiti mbio.

La kwanza ni usalama. Mpaka uko Lunga Lunga, bahari haina geti, na miaka ya 2014 na 2015 tuliona damu Kwale: wazee wa nyumba kumi waliuawa, vijana waliitwa Somalia wakaenda, wengine walichukuliwa usiku na wasiojulikana. Nani asiyetaka usalama? Lakini mtu asiye na karatasi ndiye asiyeonekana. Ukimsajili, unajua yuko wapi, ana simu gani, mtoto wake anasoma wapi. Na kama ofisa ana ushahidi kwamba mwombaji fulani ni hatari, rufaa ndiyo mahali pa kuuleta. Rufaa haimlazimishi ofisa amkubali kila mtu. Inamlazimisha aseme kwa nini. Ofisa mwenye sababu ataogopa nini kuitamka?

La pili ni ardhi, na hili nalisikia kwenye baraza za kwetu kutoka kwa watu ninaowaheshimu. Mdigo wa Msambweni anaishi kama skwota kwenye shamba walimozikwa mababu zake, hatimiliki iko kwa mtu asiyemjua. Halafu anaambiwa Mmakonde amepewa kitambulisho, na kesho ataomba shamba. Woga huo una mizizi, siudharau. Ila tuelekeze kidole panapostahili. Aliyekunyima hatimiliki si mchonga vinyago wa Makongeni. Naye aliletwa Ramisi na shamba la mwenye nguvu, kama wewe ulivyoondolewa na mashamba ya wenye nguvu. Nyote wawili mnalia mbele ya aina moja ya ofisi: ile inayoamua bila kueleza, na ambayo juu yake hujui uende kwa nani. Siku Mmakonde atakapopata rufaa ya kweli ya uraia, Mdigo atakuwa na hoja ya kudai rufaa ya kweli ya ardhi.

Na kuna la tatu, ambalo ni historia tu. Kabla ya Disemba 1963, ukanda huu wa maili kumi kutoka baharini ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiutawala kwa mkataba wa 1895. Maana yake Mpemba aliyetia nanga Vanga mwaka 1960 alitoka kwa Sultani akafika kwa Sultani. Mpaka ndio uliokuja kumkuta yeye.

Kwa hiyo nadai nini? Mambo ya kawaida kabisa, ambayo yangeandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Kifungu cha 15 kifunguliwe tena na kisiwekewe tarehe ya kufungwa, maana kukosa nchi hakuna tarehe ya kwisha. Mpaka wa 12 Disemba 1963 uondolewe, badala yake ihesabiwe miaka ambayo mtu ameishi hapa na watoto aliowazaa hapa. Kila anayenyimwa kitambulisho, uraia au hadhi ya ukimbizi apewe karatasi yenye sababu, kwa Kiswahili, ikiwa na tarehe na jina la aliyeamua. Ofisi ikikaa kimya zaidi ya siku 90, ukimya huo uhesabiwe kuwa ni kukubali. Tumezoea kumpa mwananchi muda wa mwisho. Serikali nayo ipewe wake. Wanaosikiliza rufaa wasiteuliwe na wizara iliyokataa ombi, na waje walipo watu: wakae Msambweni wiki moja, Lunga Lunga wiki nyingine, kama mahakama zinazotembea zinavyofanya kaskazini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2016, basi wakili wa umma awepo kwenye vikao hivyo. Na mtu aliyekata rufaa asiguswe, asirudishwe mpakani, apewe hati ya muda ya kumwezesha kufanya kazi mpaka mwisho wa kesi. Anayekula ndiye anayeweza kungoja.

Hakuna hata moja kati ya haya linalosema kila mwombaji akubaliwe. Wengine watakataliwa, na pengine kwa haki. Mnyonge mnyongeni, ila haki yake mpeni, na haki ya kwanza ya mnyonge ni kusikilizwa na mtu ambaye hakumnyonga.

Wewe unayenisoma ukiwa Ukunda, Likoni, South B au popote, una kitambulisho mfukoni. Kipande kilianza enzi za mkoloni kama kibati cha kumfungia Mwafrika shingoni ili asitoroke kazi. Babu zetu walikichukia. Leo tumekigeuza kuwa ufunguo, na aliyekikosa anafungiwa nje ya maisha. Uchaguzi ujao watakapokuja wagombea Msambweni na vitambulisho mikononi kama pipi, tusiwapigie makofi. Tuwaulize: aliyekataliwa jana, rufaa yake inasikilizwa wapi, lini, na nani?